Kwa Sarkozy Nina Sababu Moja, kwa Kenya Nina Sita

Wasee, leo niwape stori ya vile nilinyamazishwa kwa kinyozi. Wanaonijua wanajua hilo halitokei ovyo ovyo.

Ilikuwa Jumamosi, foleni ya watu wanne, TV iko juu ya kioo inaonyesha habari za vita huko Mashariki ya Kati, sauti imezimwa. Mimi kama kawaida nikajipa kazi ya mtangazaji. Nikasema kile ambacho nimesema kwa video zangu si chini ya mara tano: "Hakuna kitu inaitwa vita ya kuokoa watu. Ukiona ndege za wakubwa angani, angalia chini ya mchanga. Ni mafuta. Basi." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Jamaa mmoja akasema, "Kama Libya." Nikamwambia, "Kabisa, Libya ndio mfano wenyewe." Hapo ndipo shida yangu ilianza, ju kwenye benchi alikuwa ameketi mjomba wangu.

Mjomba ameuza mafuta miaka na miaka, kwa zile stesheni ambazo mwanzo ziliitwa Mobil, baadaye zikawa OiLibya, na leo ni Ola Energy. Walibya walikuwa wamenunua ile biashara enzi za Gaddafi. Kwa hivyo ukimtajia Libya, yeye hasikii nchi ya mbali. Anakumbuka shati alilovaa kila asubuhi akijazia matatu dizeli.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kijana, wewe unaweza kuchoma duka linalokuuzia unga kila siku, na bei mmeelewana?"

Nilicheka, ju sikuwa na jibu. Lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani, na usiku nikaanza kusoma. Kusoma kusoma, si kuangalia video za watu wanaofikiria kama mimi.

Sehemu ya kwanza ya hoja yangu ilikuwa sawa. Libya ndiyo yenye akiba kubwa zaidi ya mafuta Afrika, kama mapipa bilioni 48, na kabla ya vita vya 2011 ilikuwa ikitoa karibu mapipa milioni 1.6 kwa siku. Hiyo huwa naisema, naweka na picha ya mtambo unaowaka moto juu, halafu namaliza video. Kile sikuwa nasema ni kwamba hayo mafuta tayari yalikuwa yanaenda kwao. Eni ya Italia iko Libya tangu 1959. Mwaka wa 2003 Gaddafi alitangaza anaachana na mipango yake ya silaha za maangamizi, na Machi 2004 Tony Blair akaenda kumtembelea kwenye hema lake. Siku hiyo hiyo Shell ikatia sahihi mkataba wa gesi. BP ikaingia 2007. Desemba ya mwaka huo Gaddafi akapokewa Paris na Sarkozy mwenyewe, akapigiwa hema katikati ya jiji. Mwaka wa 2008 Italia ikaahidi kumlipa dola bilioni 5 kwa ajili ya makosa ya ukoloni. Yaani kufika 2011, mlango wa mafuta haukuwa umefungwa ndio uvunjwe. Ulikuwa wazi na chai iko mezani.

Halafu kuna hii, ambayo iliniumiza zaidi. Tarehe 17 Machi 2011, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1973, lile lililoruhusu nguvu za kijeshi kulinda raia wa Libya. Kura 10 za ndiyo, hakuna ya hapana, 5 wakajizuia. Waliojizuia ni Urusi, Uchina, India, Brazil na Ujerumani. Sasa angalia waliosema ndiyo. Ndani yao kuna Afrika Kusini, Naijeria na Gaboni. Waafrika wote watatu waliokuwa kwenye hiyo meza waliinua mkono. Kwa video zangu zote nimekuwa nikisema "waliamua wao kule, sisi tukaangalia." Hapana, tulikuwa ndani ya chumba. Na wiki chache baadaye, Aprili, Jacob Zuma na marais wenzake wa Umoja wa Afrika wakapanda ndege kwenda Tripoli na mpango wa amani. Gaddafi akaukubali. Waasi wa Benghazi wakaukataa, ju mpango ulimwacha palepale. Fikiria unaitia sahihi nyumba ivunjwe, halafu unarudi mbio kuuliza kama inaweza kupakwa rangi.

Pia tuache kumfanya Gaddafi mtakatifu. Najua nitachapwa kwa hili. Mwaka wa 1996 wafungwa zaidi ya 1,200 waliuawa katika gereza la Abu Salim kule Tripoli, na familia zao zikakaa miaka zikiuliza watoto wao wako wapi. Maandamano ya Benghazi ya Februari 2011 yalianza wakili wa hizo familia alipokamatwa. Hawakuwa wametumwa na kampuni ya mafuta. Walikuwa akina mama na picha za wana wao. Kizazi chetu, baada ya Juni 2024, si lazima tuelezewe mara mbili hali ya familia inayozunguka na picha ya mtu wake. Ukisema kila kilichotokea Libya kilipikwa Paris, hao mama umewafuta kabisa.

Kwa hivyo Mjomba alishinda? Pole pole.

Septemba 2016, kamati ya mambo ya nje ya bunge la Uingereza ilitoa ripoti kuhusu ile vita. Hawa ni wabunge wao wenyewe, si mimi na simu yangu. Walisema tishio kwa raia wa Benghazi lilikuzwa kuliko ushahidi uliokuwepo, na kwamba kazi iliyoanza kama kulinda raia iligeuka kuwa kazi ya kuondoa serikali. Ndani ya ripoti hiyo kuna barua pepe ya Aprili 2011 ambayo Hillary Clinton aliandikiwa na mshauri wake, akimweleza alichosikia kutoka kwa majasusi wa Ufaransa kuhusu nia za Sarkozy. Mafuta yamo, tena mwanzoni kabisa: Ufaransa ipate sehemu kubwa zaidi. Lakini hayako peke yake. Kuna kutaka sauti Afrika Kaskazini, kuna kutaka jeshi lionekane lina kazi, na kuna siasa za nyumbani kwake, ju uchaguzi ulikuwa 2012. Aliupoteza, by the way ya kwetu, vita havikumsaidia.

Na wale wa dinari ya dhahabu, ushahidi wenu mkubwa mara nyingi ni mtu huyohuyo na barua pepe zake za kusikia. Mimi pia nilitengeneza video hiyo. Ilitazamwa kuliko zote. Sijaifuta, lakini siitetei tena.

Kuna nia nyingine ambayo hakuna mtu aliwahi kuiandika kwa bango. Septemba 2025, mahakama ya Paris ilimpata Sarkozy na hatia ya njama iliyohusu kutafuta pesa za Libya kwa kampeni yake ya 2007. Yeye anakana na amekata rufaa. Sisemi hiyo ndiyo ilirusha ndege. Nasema mtu mmoja anaweza kuwa na deni, uchaguzi, hofu, mafuta, na labda hata huruma ya kweli kwa watu wa Benghazi, vyote siku moja, kichwa kimoja. Mimi mwenyewe siwezi kukuambia sababu moja iliyofanya niache chuo mwaka wa pili.

Silaha yangu ya mwisho kwa mijadala ilikuwa Rwanda. Mtu akinishinda, namuuliza: "Basi mbona hawakwenda Rwanda?" Na ni swali zito kweli. Aprili 1994, watu wakiuawa kwa maelfu kila siku, Baraza la Usalama halikuongeza wanajeshi. Liliamua wapunguzwe wabaki 270. Lakini swali hilo likigeuzwa linakukata mkono: Kosovo haikuwa na mafuta, na mwaka wa 1999 NATO ililipua Serbia kwa siku 78. Kwa hivyo mafuta si tiketi ambayo bila hiyo ndege haziruki.

Pale nimefika kwa sasa ni hapa. Mara nyingi mafuta si kile wanachokuja kubeba. Ni kile kinachofanya mahali paonekane. Damu ya Rwanda haikupandisha bei ya petroli popote duniani. Libya ikitetemeka, mtu anayejaza gari Milano anasikia jioni hiyohiyo, na mbunge wake anapigiwa simu. Taabu ya watu ni ileile, lakini moja ina kengele na nyingine haina. Nafikiri hiyo ni mbaya kuliko wizi, kwa sababu mwizi unaweza kumshtaki.

Hata Irak, ambayo kila mtu hudhani ni kesi rahisi, ukiisoma inakuteleza. Aprili 2003 wanajeshi wa Marekani walilinda wizara ya mafuta Baghdad huku makumbusho ya taifa yakiporwa. Nikiona hiyo picha huwa nasema, sawa, mmejieleza wenyewe. Silaha za maangamizi walizodai kufuata hazikupatikana. Lakini 2009, Irak ilipoita makampuni kushindania visima vyake, Rumaila, kile kikubwa kabisa, kilienda kwa BP na kampuni ya serikali ya Uchina. Exxon ilipata yake, ndiyo, lakini leo Uchina ndiyo mnunuzi mkubwa wa mafuta ya Irak, na haikupoteza hata askari mmoja kwenye ile vita. Kama ulikuwa wizi, basi mmoja alivunja mlango na jirani akabeba TV.

Basi nikarudi kwa kinyozi wiki mbili baadaye, nikiwa nimejaa. Mjomba alikuwepo tena, yeye hunyolewa ndevu tu lakini hukaa masaa. Nikampa yote: Blair kwenye hema, zile kura tatu, kengele. Akasikiliza, akasema, "Sasa unaongea." Kwa Mjomba hiyo ni sawa na kupewa cheti.

Mimi nikiwa kwenye kiti, kichwa kimeinamishwa, nikasikia mashine imezimwa. Kinyozi. Mtu ambaye amenikata nywele tangu niko shule ya msingi na sijawahi kumsikia akichangia siasa. Akauliza, "Na sisi je? Kismayu tulienda kutafuta nini?"

Kaka yake mkubwa ni mwanajeshi. Alikuwa Somalia. Hiyo tulijua wote, na hakuna aliyewahi kuiongelea.

Nilianza kujibu haraka, vile mtu hujibu kitu ambacho ameshajibiwa na mwalimu. Nikasema kulikuwa na utekaji Lamu. Kulikuwa na wale wafanyakazi wa misaada walionyakuliwa Dadaab. Utalii ulikuwa unakufa. Mpaka ulikuwa wazi kama uwanja. Kulikuwa na Al-Shabaab wenyewe. Kulikuwa na mzigo wa wakimbizi. Nikasema mambo ya vita ni magumu, huwezi kusema ni kitu kimoja.

Alikuwa anahesabu na kitana, akigonga kwa kiti. Akasema, "Sarkozy ulimpa moja. Kenya umeipa sita."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikanyamaza, na hii ndiyo kunyamazishwa niliyowaambia.

Mnajua kitu gani? Vita hivyo viwili mimi niliviona wiki moja. Tarehe 16 Oktoba 2011 Kenya ilitangaza jeshi letu limevuka mpaka kuingia Somalia, operesheni Linda Nchi. Tarehe 20, siku nne baadaye, Gaddafi akauawa Sirte. Nilikuwa darasa la tatu. Kwa habari za saa moja, malori ya KDF yanapita kwenye matope na sisi sebuleni tunapiga makofi. Halafu ikaja ile video ya Gaddafi ana damu usoni, na mama akazima TV akatutuma tukalale. Kwa hivyo kichwani mwangu moja ikakaa upande wa makofi na nyingine upande wa giza, na miaka kumi na zaidi sikuwahi kuziweka kwenye meza moja.

Nikaziweka. Vipimo vilevile nilivyompimia Sarkozy.

Sababu iliyotangazwa: utekaji wa Septemba na Oktoba 2011. Ulikuwa wa kweli, watu walikufa. Lakini nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa na Wikileaks zilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na mpango wa Jubaland, eneo la kuwa kinga kati yetu na Al-Shabaab, kabla ya utekaji huo, na ilikuwa ikiwaomba Wamarekani waunge mkono. Wao wenyewe walikuwa na wasiwasi nao. Kwa hivyo utekaji ulikuwa sababu, na pia ulikuwa nafasi.

Tulichofanya tulipofika: Kismayu ilichukuliwa mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2012. Februari mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umepiga marufuku kununua makaa kutoka Somalia, ju pesa zake zilikuwa zinalisha Al-Shabaab. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba makaa yaliendelea kusafirishwa kutoka bandari ile hata baada ya sisi kuingia. Jeshi letu limekana kuhusika na biashara hiyo. Mimi sikuwepo. Lakini lau ingekuwa bandari ya Libya na jeshi la Ufaransa, ningekuwa nimeamini upande gani kabla hata ya kumaliza kusoma?

Na mafuta. Eeh, yako hata hapa. Baharini, kati yetu na Somalia, kuna pembetatu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000 ambayo nchi zote mbili zilidai, na inaaminika kuwa na mafuta na gesi. Kenya ilikuwa imewapa Eni na Total vitalu vya kutafuta mafuta huko, na mwaka wa 2012 Somalia ililalamika hadharani. Ndiyo, Eni ileile. 2014 Somalia ikatupeleka mahakama ya kimataifa ya The Hague. Tarehe 12 Oktoba 2021 majaji wakaipa Somalia sehemu kubwa ya eneo hilo, na Kenya ikasema haitambui hukumu. Muda wote huo wanajeshi wetu walikuwa ng'ambo ile ya mpaka, sasa chini ya Umoja wa Afrika.

Maoni yangu? Siamini KDF ilivuka mpaka kwa ajili ya mafuta ya baharini. Hofu ya Al-Shabaab ilikuwa ya kweli, na ilithibitishwa kwa njia mbaya. Lakini najua kabisa kwamba kama ingekuwa nchi nyingine, yenye vitalu vya mafuta vinavyozozaniwa mkabala na bandari iliyoteka, ningetengeneza video ya sehemu tatu na mishale myekundu kwa ramani. Ukweli ni huo. Huruma ya kusema "mambo ni magumu" nilikuwa nimeiweka akiba kwa ajili ya watu wangu tu.

Kuna watakaosema hii ni kuisaliti nchi. Sawa. Lakini angalia nani amelipa. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao rika letu, wengine walikuwa wamejiunga tu. El Adde, Januari 2016, kambi nzima ikavamiwa, na mpaka leo serikali haijatupa idadi kamili ya wanajeshi waliokufa siku hiyo. Uingereza walikaa miaka mitano wakaandika ripoti inayosema tulikosea hapa na hapa. Obama mwenyewe alisema 2016 kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutopanga siku ya baada ya Libya. Maneno hayo hayarudishi mtu, najua. Walibya bado wanafungiana bandari za mafuta kila serikali mbili zikikosana. 2020 uzalishaji karibu usimame kwa miezi. Lakini angalau kuna karatasi. Sisi karatasi yetu iko wapi? Ni nani katika bunge letu amewahi kuuliza, rasmi, swali ambalo kinyozi aliuliza na mashine mkononi?

Mjomba ana jibu lake. Yeye anasema nchi ni kama stesheni ya mafuta: mteja haulizi yametoka wapi, anauliza kama yapo. Nimemwambia siko tayari kuwa mteja wa aina hiyo. Amesema nitakuwa, nikinunua gari.

Wiki iliyopita nilienda tena, nywele hata hazikuwa zimekua. Nikamuuliza kinyozi kama kaka yake angekubali kuongea na mimi, bila kamera, bila jina, nimsikize tu. Alifuta wembe, akasema kaka yake hapendi hizo stori, lakini Desemba anakuja likizo, atamuuliza. Akanipunguzia shilingi hamsini.